Maswali ya wasomaji: nchi isiyo na nyuklia inalindwa na nini?

Toleo lililopita tuligusia kidogo mikataba ya silaha za nyuklia, na meseji zilizoingia baada ya hapo ni nyingi, karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: nchi ambayo haina bomu, na imeshaahidi kwa maandishi kwamba haitakuwa nalo, siku ikitishiwa na mwenye nalo inalindwa na nini? Nimechagua machache, mengine nimeyaunganisha kwa sababu yanafanana.

Shikamoo mwandishi. Mi ni mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu wetu wa historia alisema nchi zisizo na nyuklia zilipewa dhamana za usalama ila hakuelezea sana. Ni dhamana gani hizo na alizitoa nani?

Marahaba. Hapa inabidi tuanzie 1968, mwaka ambao mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ule unaoitwa kwa kifupi NPT, ulifunguliwa ili nchi zisaini. Makubaliano yenyewe yalikuwa hivi: nchi zilizolipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967, yaani Marekani, Urusi (wakati huo Muungano wa Sovieti), Uingereza, Ufaransa na China, zinatambuliwa kwamba zinazo, na wengine wote wanaahidi kwamba hawatatengeneza wala hawatapokea kutoka kwa mtu. Kwa upande wa pili kukawa na ahadi ya kujadiliana kwa nia njema ili silaha hizo ziondolewe, na kila mwanachama akaruhusiwa kutumia nyuklia kwa mambo ya amani kama umeme na matibabu. Sasa ukiusoma mkataba mzima, na si mrefu, una vifungu 11 tu, utagundua kuna kitu hakimo. Wewe unaacha silaha kubwa kuliko zote duniani, mwenzako anabaki nayo, halafu hakuna kifungu hata kimoja kinachosema kwamba hutapigwa nayo. Nchi nyingi zililiuliza hilo wakati wa mazungumzo, zikaambiwa litashughulikiwa pembeni, na huko pembeni ndo limebaki mpaka leo.

Kilichotolewa huko pembeni ni ahadi za aina mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni ya kusaidiwa: ukipigwa kwa nyuklia, au ukitishiwa kupigwa, tutakuja kukusaidia. Hii ilitoka Juni 1968 kupitia azimio 255 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililoletwa na Marekani, Uingereza na Sovieti, likapita kwa kura 10 huku nchi tano zikijizuia. Ya pili ni ya kutoguswa: mimi mwenye nyuklia naahidi kwamba sitakupiga nayo wewe usiyekuwa nayo. Hii ilianza kutolewa na nchi mojamoja, nyingi zikiisema 1978 kwenye kikao maalumu cha Umoja wa Mataifa kuhusu kupunguza silaha, halafu Aprili 1995 wote watano wakazirudia ahadi zao kwa maandishi na Baraza la Usalama likazipokea kwenye azimio 984. Angalia na tarehe, maana haikuwa bahati: mwezi uliofuata, Mei 1995, nchi wanachama zilikuwa zinaamua kama NPT irefushwe iwe ya kudumu milele, na ikarefushwa. Kwa hiyo wasiokuwa na nyuklia walitoa kitu cha kudumu kisheria wakapokea tamko.

Na hilo azimio 984 lina kitu kinachoniuma kila nikilisoma. Linasema nchi ikishambuliwa kwa nyuklia Baraza la Usalama litachukua hatua mara moja, na zaidi ya wote wale wanachama wa kudumu wenye nyuklia. Yaani anayetakiwa kukuokoa ni mmoja wa watano, anayeweza kukupiga pia ni mmoja wa watano, na kila mmoja wao ana kura ya veto, yaani anaweza kuzuia uamuzi wa Baraza peke yake. Halafu kuna wenye nyuklia wengine ambao hawamo kabisa kwenye mpango huu: India, Pakistan na Israel hazijawahi kuingia NPT, na Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa 2003.

Nasoma sheria mwaka wa pili. Hizo ahadi za kutopigwa zina masharti? Na je, zinaweza kupelekwa mahakamani, au ni maneno ya kisiasa tu?

Masharti yapo, na ndo sehemu ambayo ningeomba kila mtu aisome polepole. Matamko ya Marekani, Urusi, Uingereza na Ufaransa ya 1995 yanafanana karibu neno kwa neno: hatutatumia nyuklia dhidi ya nchi isiyo na nyuklia iliyomo ndani ya NPT, isipokuwa kama nchi hiyo itatuvamia au kutushambulia sisi, majeshi yetu, au washirika wetu, ikiwa inafanya hivyo pamoja na nchi yenye nyuklia au ikiwa kwenye muungano nayo. Hiyo isipokuwa ilitokana na vita baridi, walikuwa wanafikiria zile nchi za Ulaya Mashariki zilizokuwa upande wa Moscow na za magharibi zilizokuwa upande wa Washington, lakini vita baridi viliisha na maneno yakabaki palepale. Baadaye kila mmoja kaongeza ya kwake. Marekani 2010 ilisema ahadi ni kwa nchi iliyomo NPT na inayotimiza wajibu wake wa kutoeneza nyuklia, sasa swali ni nani anayeamua kama unatimiza. Uingereza 2021 ilisema inaweza kuipitia upya ahadi yake kama kutakuwa na tishio la silaha za kemikali, za kibiolojia, au teknolojia mpya zenye madhara makubwa ya aina hiyo. Urusi Novemba 2024 ilibadilisha sera yake ikaandika kwamba nchi isiyo na nyuklia ikiishambulia Urusi kwa kushiriki au kusaidiwa na nchi yenye nyuklia, hilo litahesabiwa ni shambulio la wote wawili.

China peke yake ndo haina isipokuwa. Siku ilipolipua bomu lake la kwanza, tarehe 16 Oktoba 1964, ilitangaza kwamba haitakuwa ya kwanza kutumia nyuklia wakati wowote wala katika hali yoyote, na matamko yake yaliyofuata yanasema haitatumia wala kutishia kutumia dhidi ya nchi isiyo nazo, bila masharti. Hili nalisifu waziwazi, ingawa nalo ni tamko, anaweza kulibadilisha mwenyewe.

Kuhusu mahakama: wewe kama mwanasheria kaisome kesi ya majaribio ya nyuklia ya 1974, Australia na New Zealand dhidi ya Ufaransa kule The Hague. Ufaransa ilikuwa imetangaza hadharani kwamba itaacha kulipua mabomu ya majaribio angani huko Pasifiki, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema kauli ya hadharani ya kiongozi wa nchi, ikitolewa kwa nia ya kujifunga, inaifunga nchi hata kama hakuna mkataba uliosainiwa. Kwa hiyo hoja kwamba tamko ni maneno tu haisimami moja kwa moja, na mi naona mawakili wa nchi ndogo hawajaitumia kesi hiyo vya kutosha. Shida ni kumfikisha mwenzako mahakamani, maana lazima akubali mamlaka ya mahakama, na hapo wengi wa wale watano watakukatalia. Mahakama hiyohiyo Julai 1996 ilitoa maoni kwamba kutumia nyuklia kwa ujumla kunapingana na sheria za vita, ila ikashindwa kukata shauri kuhusu ile hali ya mwisho kabisa ambapo uhai wa nchi yenyewe uko hatarini. Na kwa wenye silaha, hali hiyo ya mwisho ndo wanayoitaja kila siku kama sababu ya kuwa nazo.

Mwandishi usizunguke. Ukraine ilikuwa na mabomu, ikapewa karatasi, ikayatoa, ikavamiwa. Kuna cha kujadili tena hapo?

Kipo kaka, na kwa sababu jambo hili ndo linalotajwa kila mahali ngoja nilieleze kwa kirefu kidogo.

Sovieti ilipovunjika 1991 Ukraine ilibaki na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu karibu 1,900 kwenye ardhi yake, akiba ya tatu kwa ukubwa duniani wakati huo. Ni kweli vilikuwa pale, lakini mfumo wa kuvirusha ulikuwa chini ya Moscow, Kyiv haikuwa na namba za siri za kuvifyatua, na kuvimiliki kweli kungehitaji pesa, wataalamu na miaka, kwa nchi ambayo uchumi wake ulikuwa umeanguka na ambayo ilitaka kutambuliwa na dunia. Wanaosema Ukraine ilikuwa na bomu mkononi ikaliachia wanarukaruka hatua nyingi. Ila Ukraine ilijua thamani ya kile ilichokuwa inakitoa, ndo maana ilivuta mazungumzo, ikadai fidia ya mafuta ya nyuklia kwa vinu vyake vya umeme ikapata, na ikadai dhamana.

Dhamana ilisainiwa Budapest tarehe 5 Desemba 1994 na marais Kuchma wa Ukraine, Yeltsin wa Urusi, Clinton wa Marekani, na waziri mkuu Major wa Uingereza. Siku hiyohiyo Belarus na Kazakhstan nazo zikapata karatasi kama hiyo. Ina vipengele sita tu. Kuheshimu uhuru na mipaka ya Ukraine. Kutotumia nguvu wala kutishia nguvu dhidi yake. Kutoibana kiuchumi ili ikubali matakwa ya mwingine. Kupeleka jambo Baraza la Usalama mara moja iwapo Ukraine itashambuliwa, na hapa soma vizuri, shambulio ambalo silaha za nyuklia zinatumika. Kutotumia nyuklia dhidi yake, pamoja na ile isipokuwa niliyoeleza juu. Na la sita, kushauriana kukitokea mashaka kuhusu ahadi hizi.

Tafuta humo mahali panaposema Marekani au Uingereza italeta askari, au hata silaha. Hapapo. Ni kama mdhamini wa mkopo ambaye kwenye fomu kaandika tu kwamba mkopaji akishindwa kulipa yeye atakuja tukae tuongee. Vichwa vya mwisho viliondoka Ukraine Juni 1996, na 2014 Urusi ilipoichukua Crimea Ukraine iliomba yale mashauriano ya kipengele cha sita, mkutano ukaitishwa Paris mwezi Machi, mawaziri wa Marekani, Uingereza na Ukraine wakakaa, wa Urusi alikuwa mjini hapohapo na hakukaa nao. Putin alisema serikali iliyoingia Kyiv baada ya machafuko ya mwaka huo ni kitu kipya ambacho Urusi haikusaini nacho chochote. Kisha tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya uvamizi mkubwa, Baraza la Usalama lilipiga kura ya kuulaani, nchi 11 zikaunga mkono, China, India na Falme za Kiarabu zikajizuia, Urusi ikaweka veto, na mwezi huo Urusi ndo ilikuwa kwenye kiti cha uenyekiti wa Baraza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Karatasi ya Budapest ilivunjwa, na ilivunjwa na mmoja wa wale walioisaini, hakuna cha kulainisha hapo. Ila kilichoshindwa ni aina ile ya dhamana: ahadi nzuri, isiyo na mtu mwenye wajibu wa kufanya jambo fulani kwa siku fulani. Msaada wote wa silaha na pesa ambao Ukraine imepata tangu hapo haukutokana na kipengele chochote kati ya vile sita, umetokana na uamuzi wa kisiasa wa kila nchi, na uamuzi wa kisiasa unabadilika na uchaguzi.

Libya iliacha mpango wake ikaangushwa, Korea Kaskazini ikang'ang'ania na hakuna anayeigusa. Si ndo somo kwamba tengeneza tu?

Nalielewa swali, ila silikubali hilo somo. Libya Desemba 2003 ilipotangaza kuacha haikuwa na bomu, ilikuwa na vifaa na michoro iliyonunuliwa kwenye mtandao wa magendo wa Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa nyuklia wa Pakistan, na ilikuwa mbali sana na bomu lenyewe. Kilichokuja 2011 kilianza na watu wa Libya wenyewe kuingia barabarani. Ni kweli Pyongyang inaitaja Libya kila ikiulizwa kwa nini haiachi, na wakubwa waliohusika 2011 walipaswa kufikiria hilo zaidi, hapo nakubaliana nawe.

Lakini angalia ile njia ya kulifikia bomu. Kinu cha Osirak cha Iraq kilipigwa na ndege za Israel Juni 1981. Kinu cha Syria kilipigwa 2007. Vituo vya nyuklia vya Iran vilipigwa Juni 2025 na Israel na kisha Marekani. Miaka ile ambayo unatengeneza na hujamaliza ndo miaka ya hatari kuliko zote, na nchi nyingi haziwezi kuivuka. Korea Kaskazini iliivuka kwa sababu mizinga yake ya kawaida imeielekea Seoul tangu zamani na China iko nyuma yake mpakani, hali ambayo nchi nyingine hazina. Na wananchi wake wamelipa gharama ambayo hakuna mtu anayesoma hapa angetaka ailipe.

Afrika Kusini nayo itajwe. Ilitengeneza mabomu sita kamili kwa siri, ikayavunja yenyewe, ikaingia NPT 1991, na Machi 1993 rais de Klerk akalieleza bunge kwamba yalikuwepo na hayapo tena. Sababu zake hazikuwa safi zote, utawala ule haukutaka kuyaacha kwa serikali ijayo, lakini nchi ile leo inaongea kwenye mikutano ya nyuklia kwa heshima ambayo bomu lisingeipa.

Maeneo yasiyo na nyuklia, kama huu mkataba wa Pelindaba wa Afrika, yanatusaidia nini zaidi ya kujifunga wenyewe?

Yanasaidia, na mimi ndo ninayoyaamini zaidi kuliko matamko, kwa sababu kila mkataba wa eneo unakuja na itifaki, yaani hati ya nyongeza, ambayo wale watano wanatakiwa kuisaini na kuiridhia, na wakiiridhia ile ahadi ya kutokupiga inakuwa sheria inayowafunga. Wa kwanza ni Tlatelolco wa 1967 wa Amerika ya Kusini na Karibi, nchi zote 33 zimo na wale watano wote wameridhia itifaki yake. Kuna Rarotonga wa Pasifiki ya Kusini, kuna wa Asia ya Kati uliosainiwa Semipalatinsk. Wa Bangkok wa Asia ya Kusini Mashariki, tangu 1995, hauna sahihi hata moja ya hao watano, kikwazo kikubwa kikiwa kwamba eneo lake linahesabu na ukanda wa bahari wa kiuchumi wa nchi wanachama, ambako manowari zao zinapita.

Pelindaba ulifunguliwa Cairo Aprili 1996 na ukaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipokuwa ya 28 kuridhia. China, Ufaransa, Uingereza na Urusi wameridhia itifaki ya kutopiga. Marekani ilisaini siku ya kwanza, ila siku hiyohiyo ofisa wa Ikulu yake akasema sahihi hiyo haiizuii kuchagua jibu lolote kama itashambuliwa kwa silaha za maangamizi na nchi mwanachama. Rais Obama aliipeleka itifaki kwa Seneti 2011, na Seneti haijaipitisha. Kisha kuna Diego Garcia, kile kisiwa cha Chagos chenye kambi ya jeshi la Marekani, ambacho kimo kwenye ramani ya mkataba na alama ya maelezo pembeni, Uingereza na Marekani wakisema mkataba hauwahusu pale. Urusi ilikitaja kisiwa hicho kama sababu ya kusitasita kabla ya kuridhia 2011. Mabalozi wa bara hili wanakutana na Wamarekani kila mwaka kwa mambo ya biashara na misaada, na ningependa sana itifaki hii iwe kwenye ajenda ya kila kikao, kwa sababu kazi iliyobaki ni kura za Seneti moja tu.

Kama kila mtu anaona matamko hayatoshi, kwa nini isiandikwe sheria moja ya dunia nzima ikaisha?

Imekuwa kwenye ajenda ya Mkutano wa Upokonyaji Silaha kule Geneva tangu 1979. Mkutano huo una nchi 65 na kila uamuzi unahitaji makubaliano ya wote, hata ule wa kupanga ratiba ya kazi, na tangu ulipomaliza kuujadili mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia 1996 haujatoa mkataba mwingine. Pakistan, ambayo yenyewe ina mabomu, huleta kila mwaka kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi ina kura, azimio la kutaka sheria hiyo, Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote zinaunga mkono, linapita, mwaka unakwisha.

Wenye silaha wana hoja zao na ni haki nizieleze. Wanasema matamko na itifaki za maeneo zinatosha. Wanasema pia kwamba wakimuondolea adui mashaka yote, akajua kwa hakika kwamba hatajibiwa kwa nyuklia hata akitumia sumu au vijidudu, basi wamempa ruhusa. Na wengine wana washirika wanaotegemea mashaka hayohayo. Mi hoja ya pili naielewa lakini nchi ambayo haina nyuklia, haina sumu, haina vijidudu, na imekaguliwa miaka yote na wakaguzi wa shirika la kimataifa la nyuklia la kule Vienna, inaingiaje kwenye hesabu hiyo? Nchi kama hizo ndo nyingi duniani. Zingeweza kupewa ahadi ya kisheria kesho na hakuna mwenye silaha ambaye angepoteza kitu.

Dada yangu anaishi Ulaya, anasema Finland na Sweden zimepata dhamana ya kweli kwa kuingia NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na nchi za Ulaya. Je, huo mwavuli ndo suluhisho?

Kwa wao ulikuwa uamuzi wa kueleweka, Finland iliingia Aprili 2023 na Sweden Machi 2024, na kifungu cha tano cha NATO kinasema shambulio kwa mmoja ni kwa wote, jambo ambalo Budapest haikuwa nalo hata robo. Japan na Korea Kusini zina mipango yao na Marekani. Ila rudi kwenye ile isipokuwa. Ukiingia kwenye muungano na mwenye nyuklia unapata ulinzi wake, na palepale unaweza kutoka kwenye orodha ya wale ambao mwenye nyuklia wa upande wa pili ameahidi kutowapiga. Unabadilisha ahadi kwa ahadi. Na baadhi ya nchi zenye mwavuli zinatunza mabomu ya mwenzao ardhini kwao, Ujerumani, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Uturuki kwa upande wa Marekani, na Belarus, ambayo nayo ilipewa dhamana ile ya 1994, imetangaza tangu 2023 kwamba imepokea za Urusi. Nchi nyingi za dunia hazijapewa nafasi ya kuingia mwavuli wowote, na zingine hazitaki, kwa hiyo mwavuli hauwezi kuwa jibu la wote.

Na ule mkataba wa 2017 wa kupiga marufuku nyuklia kabisa?

Ulipitishwa na nchi 122 Julai 2017 na unatumika tangu tarehe 22 Januari 2021. Unakataza kutumia na pia kutishia kutumia, na kutishia ndo kitu tulichokisikia sana miaka hii. Hakuna mwenye nyuklia aliyeingia, na mkataba haumfungi ambaye hajaingia. Mi nauunga mkono kwa moyo wote, ila siuhesabu kama dhamana.

La mwisho kwangu: ungekuwa balozi wa nchi ndogo ungeomba nini, hasa ukizingatia veto?

Ningeomba kwanza ile isipokuwa ya vita baridi ifutwe kwa nchi zote zilizomo kwenye maeneo yasiyo na nyuklia, hilo halihitaji mkataba mpya, ni tamko jipya la kila mmoja. Pili, itifaki zilizosainiwa ziridhiwe. Tatu, na hapa ndo ningekaa sana, ningeomba iandikwe nini kitatokea Baraza la Usalama likizibwa. Njia ipo: azimio 377 la 1950 linaruhusu Baraza Kuu kukutana kwa dharura wanachama wa kudumu wakishindwa kuelewana, na ndo lililotumika tarehe 2 Machi 2022 nchi 141 zilipoitaka Urusi iondoke Ukraine, tano zikipinga na 35 zikijizuia. Tangu Aprili 2022 pia, kila veto ikipigwa Baraza Kuu linakutana ndani ya siku kumi za kazi na aliyeipiga anapata nafasi ya kujieleza mbele ya wote. Hayo hayamlazimishi mtu kurudisha majeshi, najua. Ila yanaweza kufungwa na orodha ya mambo ambayo nchi zimekubaliana mapema kuyafanya zenyewe bila kusubiri Baraza la Usalama, kwa mfano kumfungia masoko na benki yeyote atakayetishia kwa nyuklia nchi isiyo nayo, kupeleka madaktari na vifaa vya mionzi, kuwapokea wanaokimbia, kila nchi ikiandika jina lake mbele ya jukumu lake. Azimio 984 limeshataja msaada wa matibabu, wa kiufundi na wa kibinadamu kwa atakayepigwa, kilichokosekana ni nani anatoa nini, na hilo nchi zisizo na nyuklia zinaweza kuanza kuliandika zenyewe bila kumuomba ruhusa mwenye veto.